Theluji ya Unga Mwezi Novemba: Uliza Imelalia Nini

Dhoruba kubwa ya kwanza ya Novemba ikishapita juu ya milima ya Wasatch, mashariki mwa Salt Lake City katika jimbo la Utah, vituo vya skii hutangaza tarakimu moja inayowatoa watu kitandani kabla ya alfajiri: inchi za theluji mpya. Inchi 12. Inchi 18. Anayejifunza mchezo huu huisoma tarakimu hiyo akaona siku yake imewadia. Ushauri wa makala haya umejengwa juu ya swali ambalo tarakimu hiyo hailijibu. Mwanzoni mwa msimu, kabla hujauliza theluji mpya ina kina gani, uliza imelalia nini.

Nawaandikia hasa wale ambao skii hawakuikuta nyumbani. Katika bonde la Salt Lake zipo familia zinazozungumza Kiswahili, zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na kwingineko, na watoto wao wanakaa darasa moja na wenzao waliovishwa skii kabla ya kujua kusoma. Siku moja mtoto atakuja na ombi, au mfanyakazi mwenzako atakualika, nawe utataka kwenda ukijua unakokwenda. Wala hutakuwa wa kwanza. Mkenya Philip Boit, aliyeshiriki Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, mwaka 1998, alirudi kushindana mwaka 2002 katika michezo ya Salt Lake City, kwenye mbio ndefu za skii. Olimpiki ya majira ya baridi imepangwa kurudi Utah mwaka 2034.

Inchi zinasema nusu ya habari

Utah hujigamba hata kwenye vibao vya namba za magari kwamba theluji yake inashinda zote duniani. Majigambo hayo yana msingi. Kituo cha Alta, kilichoko juu katika korongo la Little Cottonwood, hupata kwa wastani zaidi ya inchi 500 za theluji kwa msimu, yaani zaidi ya meta 12. Ziwa kubwa la chumvi lililo jirani huchangia unyevu kidogo, hasa katika vuli maji yake yanapokuwa bado na joto, ila kazi kubwa hufanywa na milima yenyewe: hewa yenye unyevu inayotoka upande wa Pasifiki huigonga Wasatch, hupanda, hupoa na kumwaga ilichobeba. Theluji inayoanguka ni nyepesi, na ndiyo iitwayo unga. Kwa wastani asilimia 8 hivi tu ya ujazo wake ni maji. Iliyobaki ni hewa.

Hapo ndipo penye raha, na hapo hapo pana mtego. Chukua sentimeta 30 za theluji hiyo uziyeyushe: utapata sentimeta 2.4 tu za maji. Ukizikanyaga kwa uzito wa mwili wako, buti na skii, zinabonyea karibu zote. Februari zinabonyea juu ya meta mbili za theluji iliyokwisha kushikamana, nawe unahisi unaelea. Novemba zinabonyea juu ya jiwe, kisiki, gogo au kichaka. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na kinachomfanya mtelezaji aelee hakiundwi na dhoruba ya usiku mmoja. Huundwa na wiki za dhoruba zilizotangulia.

Kwa hiyo ukifungua ripoti ya kituo, tafuta namba mbili. Ya kwanza ni theluji ya saa 24 zilizopita. Ya pili ni kina cha theluji yote iliyolala, kinachopimwa mahali maalumu mlimani. Kama kina chote ni inchi 20, na 12 kati ya hizo zimeanguka usiku, basi jana palikuwa na inchi 8 au zaidi kidogo, na miamba bado iko karibu. Ripoti za Marekani hutumia inchi na nyuzi za Fahrenheit, kwa hiyo zoea hesabu mbili ndogo: zidisha inchi kwa mbili na nusu upate sentimeta, na ukumbuke kwamba maji huganda kwenye nyuzi 32 zao. Nyuzi 20 ni kama 7 chini ya sifuri kwetu.

Soma pia jinsi dhoruba ilivyokuja. Iliyoanza na joto kisha ikapoa huweka theluji nzito chini na nyepesi juu, na skii huelea vizuri. Iliyoanza na baridi ikamaliza na joto huweka nzito juu ya nyepesi, na ncha za skii huzama chini ya tabaka zikagoma kupinda. Upepo mkali nao huponda chembe na kuzishindilia, hata theluji ikawa ngumu upande mmoja wa mlima na laini upande mwingine. Inchi 8 zilizoanguka kwa utulivu, baridi ikizidi polepole, zina thamani kuliko 15 zilizopigwa na upepo usiku kucha.

Chagua mteremko kwanza

Alta na Snowbird zimo katika korongo la Little Cottonwood. Brighton na Solitude ziko korongo jirani, Big Cottonwood. Kwa kawaida hufunguliwa kati ya katikati na mwisho wa Novemba, na siku za mwanzo haufunguliwi mlima mzima. Hufunguliwa njia chache, mara nyingi zile zilizotengenezewa theluji kwa mashine. Theluji ya mashine haina sifa kwa wapenzi wa unga, lakini Novemba iheshimu. Ni nzito, imeshikamana, na ndiyo inayofunika mawe. Inchi 6 za theluji mpya juu ya njia ya namna hiyo zina raha na usalama kuliko inchi 18 juu ya mawe matupu.

Baada ya njia hizo, fuata nyasi. Mteremko ambao wakati wa joto ni uwanda wa majani, au ni barabara ya magari ya kazi, hauhitaji theluji nyingi kufunikika. Ili kuujua, fungua ramani ya setilaiti kwenye simu na utazame picha ya mlima iliyopigwa majira ya joto. Utaona penye majani, penye mawe yaliyomwagika na penye msitu. Linganisha na ramani ya njia za kituo, uchague mbili au tatu utakazozifuata siku hiyo. Dakika kumi za kazi hiyo jioni zinaweza kukuokolea skii, na pengine goti.

Kila kituo kina tabia yake. Alta ni ya skii pekee. Wanaopanda ubao wa theluji hawaruhusiwi, kwa hiyo kama watoto wako wamegawanyika, nendeni Brighton au Snowbird. Wanaojifunza watapata miteremko ya upole upande wa Albion huko Alta, na Brighton, iliyoanza mwaka 1936, inajulikana kwa kuzifaa familia. Snowbird, iliyofunguliwa Desemba 1971, ina miteremko mikali. Gari lake la kamba hupanda hadi kilele cha Hidden Peak, meta 3,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu asikupeleke huko siku yako ya kwanza kwa kusifia mandhari.

Na kama hujawahi kabisa kuvaa skii, usianze siku ya unga. Theluji ya kina hushika miguu, huficha skii zako usizione, na kuinuka baada ya kuanguka huwa kazi ya kutoa jasho. Lipia somo la nusu siku kwenye njia iliyolainishwa kwa mashine, uje kwenye unga baadaye. Marekani njia hupangwa kwa alama: duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ngumu. Unga unamfaa anayeweza tayari kushuka njia ya bluu na kusimama mahali alipokusudia.

Tiketi inunuliwe mtandaoni mapema, maana bei ya dirishani mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote. Ila usilipie tiketi isiyorudishiwa fedha kwa ajili ya dhoruba iliyotabiriwa siku sita mbele. Utabiri wa siku mbili ndio wa kutolea pesa.

Skii, buti na nguo

Hata kama una skii zako, Novemba kukodi ni busara. Jiwe moja lililofichika linaweza kuchana upande wa chini wa skii hadi kwenye kiini chake, na kuuziba mchano huo ni gharama. Wenyeji wengi huweka skii kuukuu kwa ajili ya wiki hizi za mwanzo. Wewe waachie duka kazi hiyo, ila soma kwanza mkataba unasemaje kuhusu uharibifu. Omba skii zenye upana wa milimeta 95 hadi 105 katikati. Zinaelea vya kutosha kwenye unga wa kadiri, na bado zinashika unaporudi kwenye njia ngumu. Zile za milimeta 115 na zaidi ni za kina kirefu, ambacho hujakipata bado.

Vibano vinavyoshika buti kwenye skii hurekebishwa kwa uzito wako, urefu, umri, ukubwa wa buti na kiwango chako cha uchezaji. Usijiongezee kiwango kwa kuona haya mbele ya mhudumu. Kibano kilichokazwa kupita kiasi hakiachii buti unapogonga kisiki, na hapo goti ndilo linalolipa. Buti nazo zibane pande zote za mguu bila kuumiza. Ukiinama mbele kisigino kisinyanyuke. Vaa soksi moja ndefu ya sufu. Soksi mbili hujikunja, hubana damu, na miguu huganda upesi zaidi.

Nguo zipangwe kwa tabaka. La ndani liwe la sufu au la kitambaa cha michezo kinachokausha jasho. Pamba ikilowa hubaki na maji yake siku nzima. Katikati vaa kitu cha kutunza joto, na nje koti na suruali visivyopitisha maji. Kutoka mjini, ulioko meta 1,290 hivi, hadi juu ya lifti za Alta, zinazokaribia meta 3,200, baridi huongezeka kwa wastani nyuzi 12 za Selsiasi. Kuna siku za ukungu ambapo baridi hunaswa bondeni na mlimani pakawa na joto zaidi, lakini siku ya dhoruba usitegemee hilo. Beba glavu za akiba. Glavu zikilowa saa nne asubuhi, siku imeharibika.

Helmeti ni lazima, nayo ikae vizuri. Mwenye nywele zilizosukwa afunge fundo chini, shingoni, wala asilibane ndani ya helmeti, kwa sababu helmeti inayoelea juu ya fundo hailindi kichwa. Anayejitanda mtandio avae ushungi mwembamba wa michezo chini ya helmeti, ncha zake zikiwa zimechomekwa ndani ya koti zisije zikanasa kwenye lifti. Miwani ya theluji iwe na kioo cha manjano au cha waridi ikiwa mawingu yametanda. Kioo cheusi siku ya mawingu hukufanya usione kabisa matuta. Mafuta ya kuzuia jua hayamhusu mweupe peke yake. Mionzi ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila meta 1,000 unazopanda, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo usoni mwako. Macho ndiyo yanayoumia zaidi, na rangi ya ngozi haiyasaidii.

Barabara ya korongoni

Barabara namba 210 inayopanda Little Cottonwood hupita chini ya makumi ya mikondo ya maporomoko ya theluji. Baada ya dhoruba huweza kufungwa alfajiri ili wataalamu waiporomoshe theluji kwa milipuko kabla magari hayajaruhusiwa. Kufungwa huko si urasimu. Ukiona tangazo, kunywa chai usubiri. Wakati mwingine hali huwa mbaya hadi waliolala Alta huamriwa wabaki ndani ya majengo mpaka hatari ipite.

Siku ya theluji polisi hukagua matairi chini ya korongo. Tafuta kwenye tairi lako alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake; tairi la kawaida, hata kwenye gari jipya, linaweza kukurudisha. Mabasi ya skii hupanda makorongo yote mawili wakati wa msimu, na kwa asiyezoea kuendesha kwenye barafu ndiyo chaguo bora. Ila ratiba ya basi si lazima ianze siku ile ile kituo kinapofunguliwa, kwa hiyo ihakiki. Anayekwenda na gari aangalie pia kama kituo kinataka nafasi ya kuegesha iwekwe mapema. Ndani ya gari weka blanketi, maji, koleo na chakula. Kilometa 13 za korongo zinaweza kukuweka saa mbili, na hakuna duka njiani.

Foleni na subira

Lifti nyingi huanza karibu saa tatu asubuhi, lakini zile za juu zinaweza kuchelewa. Kabla ya kuzifungua, kikosi cha doria cha kituo hupanda na vilipuzi kuangusha theluji iliyokaa vibaya. Mingurumo utakayoisikia ukiwa kwenye foleni ndiyo kazi yenyewe. Wageni wengi husimama saa nzima chini ya lifti iliyofungwa wakingoja kuwa wa kwanza, huku njia za chini zina unga usioguswa. Zitumie hizo. Mizunguko mitatu ya upole itakupasha mwili moto, na itakuonyesha chini kukoje.

Kuna hatari ya Novemba isiyotajwa sana, nayo ni watu. Mlima mzima ukiwa na njia tano tu zilizofunguliwa, umati wa njia hamsini hujazana humo, na wengi wao miguu imelala tangu Aprili. Kanuni ni chache na zinafanya kazi kila mahali. Aliye mbele yako, yaani chini yako, ndiye mwenye haki ya njia. Wewe wa juu ndiye wa kumkwepa. Ukisimama, simama pembeni panapoonekana, kamwe si chini ya tuta. Ukianza tena, au ukiingia njia kutoka nyingine, tazama juu kwanza. Siku ya kazi ina nafuu kubwa kuliko Jumamosi, na mchana watu wanapokwenda kula ndipo foleni hupungua. Kula mapema, saa tano na nusu, urudi wenzako wanapoingia mezani.

Namna ya kuelea

Kosa la kwanza la mgeni kwenye unga ni kulalia nyuma. Amesikia kwamba ncha za skii lazima zibaki juu, basi anakaa juu ya visigino; mapaja yanawaka baada ya kona kumi na skii hazipindi tena. Simama katikati ya miguu, magoti na vifundo vikiwa laini, mikono mbele unapoweza kuiona. Skii pana zitainuka zenyewe ukiwa na mwendo.

Kosa la pili ni kuegemea mguu mmoja. Kwenye njia ngumu uzito mwingi hukaa kwenye skii ya nje. Kwenye unga skii hiyo huzama na ya ndani hubaki juu, na miguu huachana. Sogeza miguu karibu kidogo, uzito ugawe karibu nusu kwa nusu, zipindishe skii zote mbili kwa pamoja. Kona ziwe za duara, zisizo za ghafla: bonyeza polepole, ngoja theluji ikurudishe juu, pindisha ukiwa umeinuka. Anayepata mdundo huo huacha kupigana na theluji. Chagua mteremko wenye mwinamo wa kutosha kukupa mwendo, maana kwenye tambarare unga hukusimamisha, lakini siku za mwanzo usiende mkali kuliko unavyoweza kushuka pasipo unga.

Novemba ongeza tahadhari nne. Usiruke popote, hata kama wengine wanaruka, hujui unakotua. Kinundu kilichojitokeza peke yake katikati ya theluji tambarare kihesabu ni jiwe au kisiki hadi kithibitike vingine, na ukizungukie mbali. Vijiti na ncha za vichaka zinazochungulia zinakwambia theluji hapo haizidi goti, kwa hiyo rudi kwenye njia. Na mwendo uwe ule unaokuruhusu kugusa kitu kilichofichika ukabaki umesimama. Ukisikia mkwaruzo chini, usishtuke ukakaza breki. Tulia na uache skii zipite, kisha hamia sehemu nyingine.

Utaanguka. Skii ikichomoka kwenye unga, weka alama kwa fimbo mahali ulipoanguka, kisha itafute juu zaidi ya ulipoishia, kwa sababu wewe uliendelea kushuka na yenyewe ilibaki. Kata theluji kwa skii ya pili kwa mistari inayokatiza mteremko hadi uiguse. Ili kuinuka, kutanisha fimbo mbili ziwe msalaba, zilaze juu ya theluji na usukume hapo. Mkono mtupu utazama hadi begani.

Kamba ina sababu

Penye kamba au bango la kufungwa, maana yake ni kwamba mtu anayeujua mlima amepaangalia akaona bado. Pengine theluji haijatosha, pengine haijakaguliwa kwa maporomoko. Utaona nyayo za skii zikipita chini ya kamba kuelekea unga usioguswa. Hizo zisikuvute, usisafirie nyota ya mwenzio. Hujui aliyepita alirudi vipi, na kituo kinaweza kukunyang'anya tiketi.

Sababu ya ndani zaidi iko kwenye theluji ya Oktoba. Dhoruba za mapema huacha tabaka jembamba ambalo hudumu kwenye miteremko ya kivuli inayotazama kaskazini. Ardhi chini yake bado ina joto, usiku juu yake ni mkavu na wa baridi kali, na mvuke unaopanda katikati hugeuza chembe zikawa punje kubwa zenye pembe, zisizoshikana, kama sukari. Novemba dhoruba nzito hulala juu ya sukari hiyo. Kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtelezaji mmoja unaweza kutosha kuachilia bamba zima. Theluji ikiwa haba namna hii, anayesombwa huburutwa juu ya mawe yale yale tuliyoyazungumza.

Kituo ambacho hakijafunguliwa hakina doria wala milipuko ya asubuhi, hata kama lifti na mabango yanaonekana yamesimama. Kinapaswa kuhesabiwa mlima wa porini. Jamie Pierre, mtelezaji wa kulipwa aliyepata umaarufu mwaka 2006 kwa kuruka kutoka jabali la futi 255, alifariki katika poromoko huko Snowbird tarehe 13 Novemba 2011, kabla kituo hakijafunguliwa kwa msimu. Ustadi wake haukuweza kubadilisha kilichokuwa chini ya theluji.

Anayetaka kutoka nje ya mipaka ya kituo asome kila asubuhi taarifa ya Utah Avalanche Center, inayopima hatari kwa ngazi tano, achukue mafunzo, na abebe kifaa cha mawimbi ya kutafutana, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, akiwa na mwenzake mwenye vitu hivyo hivyo. Nafasi ya kumtoa hai aliyefukiwa hushuka kwa kasi baada ya dakika 10 hadi 15 za kwanza, kwa hiyo msaada ni yule aliye nawe, si helikopta. Kama orodha hiyo imekuchosha, baki ndani ya kamba, na hakuna aibu yoyote.

Msitu nao una adabu yake. Matawi ya misonobari huzuia theluji isijae kuzunguka shina, pakabaki shimo, na anayeanguka humo kichwa chini hushindwa kujitoa peke yake. Mashimo hayo huwa makubwa zaidi msimu ukikomaa, lakini Novemba msitu una magogo yaliyolala chini ya theluji, yanayonasa ncha za skii na kuvunja miguu. Mwanzoni mwa msimu uache kwanza. Ukiingia baadaye, ingia na mwenzako, kila mmoja akimwona mwingine.

Maji, pumzi na saa ya kuondoka

Kwenye meta 3,200 msukumo wa hewa umepungua kwa karibu theluthi moja kuliko pwani. Aliyewasili jana kwa ndege kutoka mji wa baharini atahema ngazini, achilia mbali kwenye unga. Kunywa maji tangu asubuhi kabla kiu haijaja, kula kidogo kidogo, na pombe iache mpaka ushuke. Kichwa kikiuma kikaambatana na kichefuchefu, dawa ya kweli ni kushuka chini.

Watoto wapumzishwe kila baada ya saa moja na nusu hivi, hata wakisema hawajachoka. Kagua vidole na masikio yao kwa mkono wako mwenyewe. Mtoto anayefurahia hataki kukwambia kwamba hasikii vidole vyake.

Panga kuondoka saa nane mchana. Majeraha mengi yanangoja miguu iliyochoka, theluji kufikia hapo imechanwachanwa na mawe yameanza kuonekana, na kufikia saa tisa na nusu magari yatakuwa yamepangana korongo zima. Nyumbani, toa sponji za ndani ya buti zikauke, ufute kingo za skii zisishike kutu.

Limebaki jambo ambalo kwetu ni gumu kuliko kukata kona kwenye unga: kumwambia mwenyeji wako hapana. Amekulipia, amekubeba kwa gari lake, na sasa anakuelekeza kwenye mteremko usioupenda. Heshima yetu hutufanya tufuate. Mwambie mapema, mkiwa bado kwenye kiti cha lifti, kwamba wewe utashuka njia ya bluu na mtakutana chini. Hapo hakuna anayekusukuma nyuma na njia zote bado zipo. Ukingojea mpaka ukingoni, utakuwa na mlango mmoja tu. Watu huteleza Alta hadi Aprili, na mteremko unaoukataa leo utakuwa na meta mbili za theluji juu yake kabla ya kufungwa.